Kopo Langu Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimevuliwa nguo mbele ya mama mkwe wangu, na nguo nilikuwa nimezivaa zote. Dada wa maabara kainua kopo juu kama yuko mnadani, anauliza korido nzima: "Choo hiki cha nani? Hakina jina."

Ngoja nirudi nyuma.

Mke wangu Kabula aliondoka tulipokuwa tunavuna pamba. Mimi nilikuwa nawashwa mwili mzima na kukohoa, kifua kinapiga filimbi. Kabula alikuwa ananikuna mgongo kwa gunzi la mahindi, huku ananitukana, na mimi nasinzia. Basi jirani yangu Jilala (namtaja, akasirike) akazunguka vilabuni akisema huo ni mkosi wa ukoo wetu, na utamfikia mke wangu pia. Maneno yakafika Malampaka kwa wakwe. Wakaja, wakamchukua binti yao. Tangu hapo gunzi liko dirishani. Nimejaribu kujikuna mwenyewe. Mkono haufiki, na hata ukifika haunitukani.

Leo asubuhi nikasema liwalo na liwe, nikaenda hospitali Bariadi. Wakatoa damu. Daktari akasoma majibu.

"Mzee, eosinofili zako ziko juu sana."

Nikamuuliza hao ni akina nani (shule yangu iliishia darasa la nne).

"Ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Zinaongezeka kwa minyoo, pumu, mzio, na mara chache kwa magonjwa ya damu yenyewe. Zikikaa juu muda mrefu zinaweza kuumiza mapafu, ngozi, hata moyo. Unalima nini?"

"Pamba na mpunga."

"Kwenye majaruba ya mpunga unaingia na viatu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kuna minyoo inaingilia kwenye nyayo, inapita mapafuni ndipo inashuka tumboni. Lete choo tuhakikishe."

Nikapewa kopo. Nikafanya kilichotakiwa, nikaliacha kwenye dirisha la maabara. Kugeuka, mama mkwe huyo hapo, kakaa kwenye benchi anasubiri kupimwa presha. Sisi Wasukuma mkwe hatazamani na mama mkwe, wala hapiti karibu yake. Nikavuta koti kichwani, nikajibanza nyuma ya nguzo. (Tumbo langu na nguzo ile, mnaonijua mmeshaelewa.) Ndipo kopo likainuliwa.

Nikazidi kujibanza. Mama mkwe akaamua kusaidia.

"Binti, ni la yule aliyejifunika koti. Nimemwona akiliweka."

Nikatoka nimeinama, nikataja jina langu. Mama mkwe akageukia ukutani.

"Jamani, kumbe ni mkwilima wangu, mume wa Kabula."

Watu wakacheka mpaka mgonjwa wa mguu akasahau mguu. Nikakaa chini kwenye sakafu, mgongo kwake, nikisubiri. Baadaye dada akaniita. Minyoo. Nirudi kwa daktari anipe dawa.

Nikamwambia, "Dada, nisaidie. Mwambie yule mama kwamba ni minyoo."

"Si yuko hapo? Mwambie mwenyewe."

"Siwezi. Ni mkwe."

Dada ni mgeni wa pwani. Akashusha pumzi. "Mama, anasema ni minyoo."

"Muulize, kwa hiyo siyo mkosi?"

"Mzee, siyo mkosi?"

"Mwambie mkosi hauonekani kwenye hadubini. Na mwambie amwambie Kabula gunzi bado lipo."

"Gunzi gani tena?"

"Wewe mwambie tu."

Akamwambia. Nikasikia mama mkwe anacheka chini chini. Kisha akasema polepole: "Mwambie mkwilima kwamba mwanangu hatarudishwa na maneno ya korido. Aliyesema ni mkosi aje Malampaka, aseme mbele ya wazee kwamba alidanganya. Hapo Kabula atafunga mizigo."

Dawa nimemeza. Jilala, najua uko kwenye kundi hili na unasoma kimya kimya. Kesho asubuhi nakupitia. Twende Malampaka ukalijibie neno lako kwa mdomo ule ule. Mimi nitakaa nyuma ya nyumba maana siruhusiwi kumtazama mama mkwe, lakini sauti yako nataka niisikie. Na usiniulize gunzi nitakalobeba mfukoni ni la nini.