Nani Anaihitaji Salamu?

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi ametuita kitengo kizima cha kompyuta, yaani watu watano na birika la chai. Kasema seva ya idara ya maji imejaa pomoni, kwa hiyo ghala letu la programu litapunguzwa. Kwenye ghala hilo kila programu ya ofisi imefungwa katika kifurushi chake, chenye lebo: kinafanya nini, nani anakitunza, kinahitaji vifurushi gani vingine ili kifanye kazi. Vipo hamsini na viwili. Kifurushi kisichohitajiwa na chochote kitafutwa, na mtunzaji wake atahamishiwa masijala, kule chini kwenye mafaili na vumbi. Aliposema hivyo aliangalia dari. Mimi niliwaangalia wenzangu kwa huruma.

Ukaguzi kapewa Miwani. Miwani! Binti wa juzi tu, ana miaka mitatu kazini, anasukuma miwani yake puani kila anapotaka kuonekana ana akili. Kaja na chombo chake anachokiita ulizia. Hakina picha wala vitufe vya kubofya. Unafungua skrini nyeusi, unaandika amri, kinakujibu kwa mkato. Hata karani wa getini ana heshima zaidi. Na katika vifurushi vyote hamsini na viwili, akachagua changu kutuonyeshea. Akakiuliza: Salamu, nani anaihitaji?

Skrini ikajibu:

Kifurushi: salamu
Mtunzaji: 117
Kinahitajiwa na: hakuna

117 ni namba yangu ya utumishi. Hakuna ni tusi.

Salamu ni jasho langu la miaka sita. Ukiwasha kompyuta asubuhi inakwambia: Habari za kazi, mtumishi. Leo ni Jumatatu. Basi. Utu wenyewe ndio huo! Siku inaijuaje, sikumbuki tena. Nilishapanga zamani, na mtu makini hapangi jambo mara mbili.

Nimemsimulia mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, alikuwa na pini mdomoni. Akauliza kama Salamu ikifutwa watu watashindwa kujua kuwa ni Jumatatu. Kuna mambo ya kitaalamu ambayo hayaelezeki kwa mtu mwenye pini mdomoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo nikipiga mswaki. Nimelimeza na povu, lakini wazo limebaki.

Kile chombo cha Miwani kinasoma lebo tu. Hakiingii ndani kuona ukweli. Kwa hiyo, kama Salamu haihitajiwi, dawa ni kuandika kwamba inahitajiwa! Nilianza na kifurushi cha kuchapisha barua. Kwenye orodha ya mahitaji yake nikaongeza mstari mmoja: salamu. Nikauliza upya. Kinahitajiwa na: chapisha. Moyo uliruka. Nikaenda kwenye namba za foleni, ramani za mabomba, maombi ya likizo. Mpaka saa saba mchana vilifika thelathini na nane. Vyote hamsini na viwili sikuvigusa. Mimi si mlafi.

Miwani alipita akaniuliza, kaka, mbona leo unachapa kazi namna hiyo. Eti kaka! Adabu mdomoni, macho kwenye skrini yangu. Nilifunga kwa pupa hadi chai ikamwagika kwenye kibodi. Herufi M inanata hadi sasa, na lawama zote ni zake.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kuandikwa kwa wino mzito.

Ukaguzi umerudiwa mbele ya Mkurugenzi. Nani anaihitaji Salamu? Majina yakaanza kushuka kwenye skrini, yakashuka, yakashuka. Thelathini na nane! Mkurugenzi akasema hakuwa anajua kuwa idara nzima imesimama juu ya mtu mmoja mnyamavu hivi. Nikainamisha kichwa kinyamavu. Kaagiza kiti changu kihamishiwe karibu na feni. Miwani akasukuma miwani mara mbili, akasema ajabu, juzi jibu lilikuwa hakuna. Nikamweleza kwamba vyombo vya kitoto huchelewa kupata moto.

Kisha Mkurugenzi akataka kila mtu apendekeze kifurushi kimoja cha kufutwa. Nilikuwa naisubiri kwa hamu nafasi hii. Nikapendekeza kalenda. Mtunzaji wake ni 204, yaani Miwani. Programu ya mistari kumi tu! Na kazi yake yote ni kujua leo ni siku gani. Serikali imwajiri mtu mzima kwa jambo ambalo hata jogoo hajisumbui nalo.

Miwani hakukasirika, jambo lililoniudhi sana. Akasema kuna mtu anakitumia, na kwamba kabla ya kugusa kifurushi chochote tukiulize chombo pande zote mbili: nani anakihitaji, na chenyewe kinahitaji nini. Pande zote mbili! Kama vile upande mmoja hautoshi kumchosha mtu. Nikasema anatetea cha kwake, asisikilizwe. Mkurugenzi akakubaliana nami, maana ilikuwa saa ya kula. Nikaomba niifute kalenda kwa mkono wangu mwenyewe, Ijumaa. Nimekubaliwa.

Roho yangu kwatu.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kaenda kwa dada yake aliyejifungua, anarudi Jumapili. Nyumba imetulia. Mwanamume akibaki peke yake ndipo anapojua thamani yake.

Nimempigia simu mara nne tu. Sukari iko wapi. Shati lipi limepigwa pasi. Jiko la gesi linafunguliwa upande gani. Mara ya nne ni ufunguo wa nyumba, ambao baadaye tuliugundua mfukoni mwangu. Akaniuliza kama kweli nitaziweza hizi siku tatu. Nilicheka. Nikamwambia idara nzima inanitegemea mimi, na mimi simtegemei mtu. Kisha nikamuuliza chumvi iko wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa nne asubuhi. Mkurugenzi kasimama nyuma yangu, Miwani kakunja mikono. Nikaandika: ondoa kalenda. Skrini ikaleta maneno marefu: Kuondoa kalenda kutaondoa pia vifurushi 39 vinavyoitegemea. Endelea? Miwani akasema kaka, soma kwanza, tafadhali. Mimi sisomi kwa kuamrishwa. Nikajibu: ndiyo.

Skrini ya namba za foleni ndiyo iliyoanza kuzimika. Watu sitini wamekaa kwenye mabenchi, wanasubiri kuunganishiwa maji. Mama mwenye namba thelathini na sita akasimama, akauliza kama sasa yeye ni wa kwanza au wa mwisho. Printa zikanyamaza katikati ya barua ya Mkurugenzi kwenda wizarani, ikatoka imeandikwa Ndugu Katibu Mkuu, nina. Ramani za mabomba zikapotea. Fundi bomba akapiga simu kutoka shimoni, anauliza koki kuu inafungwa kulia au kushoto. Tulikuwa bado tunabishana alipopiga tena kusema tusijisumbue, ameshalowa.

Miwani akaeleza bila kupandisha sauti. Salamu huchukua siku ya leo kutoka kalenda. Nilipanga hivyo mimi mwenyewe, mwaka alioanza kazi, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nabadilisha siku kwa mkono kila asubuhi. Sasa nimekumbuka. Kalenda ikiondoka, Salamu inaondoka nayo. Salamu ikiondoka, vinaondoka vyote thelathini na nane vilivyoandikiwa kuwa vinaihitaji. Akakiuliza chombo mistari hiyo kaandika nani na lini. Kikajibu: 117, Jumanne. Kikarudia hivyo mara thelathini na nane. Chombo gani hicho kisicho na aibu!

Mkurugenzi akaniuliza Salamu hasa inafanya kazi gani. Nikamweleza. Akaniomba nieleze tena.

Jumatatu, 10 Machi

Miwani kashinda ofisini Jumamosi na Jumapili, kavirudisha vifurushi vyote kutoka kwenye nakala za akiba, na mistari yangu kaifuta mmoja mmoja. Watu wanampa pongezi. Mimi pia ningeweza, ila hakuna aliyeniomba.

Nimepokea barua ya uhamisho. Masijala, kuanzia leo. Imechapishwa vizuri sana, kwa hiyo printa zimepona.

Inaniuma, sitaficha. Miaka kumi na moja katika kitengo kile. Nimebeba kikombe changu na kalamu mbili, nikashuka ngazi, na hakuna aliyeinua kichwa isipokuwa Miwani. Hilo nalo limeniuma.

Mke wangu kaisoma barua huku ananipigia shati pasi. Akauliza: hicho chombo, ulikiuliza Salamu inahitaji nini? Nikamwambia hapana, swali la maana ni nani anaihitaji. Akarudisha pini zake mdomoni, akaendelea na pasi.

Jumatano, 12 Machi

Masijala ni mimi na mafaili elfu tisa. Vurugu tupu! Anayetaka faili anaingia, anachukua, anatoka. Hata habari za kazi hasemi. Mtu anaweza kukaa hapa hadi kustaafu na asihitajiwe na yeyote.

Nimeshalitatua. Nimebuni fomu. Kuanzia sasa faili halitoki bila fomu kujazwa nakala tatu, bila saini yangu na bila muhuri wangu. Muhuri umo kwenye droo. Ufunguo wa droo uko shingoni mwangu. Fomu nimeiita Salamu.

Mchana Miwani kashuka na kikombe cha chai. Akanipa pole, na nadhani ilimtoka moyoni, jambo linaloonyesha jinsi alivyo mjanja. Kasema ameniombea kwa Mkurugenzi nirudishwe kitengoni. Mkurugenzi ameanza kulegea. Ataamua Ijumaa, na lazima iwe kabla ya saa kumi, kwa sababu baada ya hapo nafasi yangu anapewa mtu mwingine. Akanisihi nitulie tu. Nisibuni kitu chochote mpaka Ijumaa.

Nikamwonyesha fomu. Akaisoma mbele na nyuma, akasukuma miwani, akabaki ameishikilia pale pale puani.

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi!

Saa tisa na nusu kaja katibu muhtasi wa Mkurugenzi, mwenyewe, mbio, viatu mkononi. Anataka faili la mtumishi namba 117. Kasema Mkurugenzi kashika kalamu, anangoja faili tu. Nikamkaribisha kiti. Nikampa fomu.

Akasema hakuna muda. Nikasema fomu haijui muda. Akaanza kunieleza faili hilo ni la nani na linatakiwa kwa ajili gani. Nikamwinulia kiganja: humu hatuangalii sura. Akajaza nakala ya kwanza. Nikamkumbusha ya pili. Akaniita baba, akaniita mheshimiwa, akaniita jina ambalo siliandiki humu. Nakala ya tatu aliandika tarehe akasahau siku. Nikairudisha. Siku ni jambo la msingi, sasa hivi najua kuliko mtu yeyote. Saa kumi ikagonga bado anatafuta kalamu aliyoirusha.

Kaondoka mikono mitupu. Mkurugenzi wa idara nzima alihitaji kitu, na bila mimi hakukipata! Skrini nyeusi haijawahi kutoa jibu tamu namna hiyo.

Ndiyo, faili lilikuwa langu. Mwingine angejipendelea. Mimi nimelirudisha kwenye rafu kwa mkono wangu, kati ya 116 na 118. Lilikuwa linatakiwa la nini hasa, sikumwachia amalize. Kuulizauliza ni kazi ya akina Miwani.

Jumatatu naongeza nakala ya nne.