Nilivyoiokoa Chai ya Moshi

Jumatatu, 3 Machi
Bi Mkubwa, mwenye duka, ametangaza. Jumamosi atachagua mwonjaji wa duka letu la chai. Mimi au Mizani, basi. Mwonjaji anakaa kwenye kiti! Mimi miaka sita nabeba makasha, mgongo umeshakuwa upinde. Mizani, dada tunayemwita hivyo kwa sababu kazi yake ni kupima na kufunga, hasemi kitu. Ananusa tu, hata bahasha. Anajifanya. Nimemwambia mke wangu kazi nimeshapata. Naye akamwambia baba yake. Sasa lazima niipate.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi ya nyumbani. Chai nyeusi ya Kichina haitaki maziwa wala sukari. Unaifyonza kwa kelele ili hewa iingie, kisha unaitema. Nikafyonza. Mke wangu akaja mbio na spana, alidhani bomba limepasuka. Nikatema ndooni kwa heshima zote. Kumbe ndoo ya nguo zake nyeupe! Nikamwomba atafute ladha ya asali, maana wataalamu huitaja. Akasema anasikia ladha ya ugomvi.

Jumatano, 5 Machi
Msiba! Nimefungua kopo jipya kutoka Uchina, lile la mteja wa hoteli anayekuja Jumamosi. Linanuka moshi. Moshi mtupu! Huyu ni Mizani, kaliweka karibu na jiko. Nilitaka kwenda kusema, nikajizuia. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nitaiokoa chai kimyakimya, halafu Jumamosi nitatoboa yote mbele ya mteja.

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbili chai imelala juani, juu ya paa la duka, kwenye shuka safi. Nimeigeuza kwa mwiko kila saa. Mizani alipanda kuniuliza nafanya nini. Nikasema naanika shuka. Akatazama shuka, akatazama mwiko, akanusa hewa, akashuka. Wivu huo! Jioni nimeihamishia nyumbani, kabatini, katikati ya nguo za mke wangu, asije mtu akaihujumu. Moshi umekwisha kabisa. Mimi ni fundi, bwana.

Jumamosi, 8 Machi
Mteja alikuja na tai. Vikombe vyeupe vikapangwa. Kabla hawajaonja nikasimama nikahutubia: jinsi uzembe wa mtu fulani ulivyoharibu chai, na jinsi mikono hii ilivyoiokoa. Bi Mkubwa akaniuliza polepole, mwanangu, moshi umeutoa? Nikasema wote, mama. Ndipo akaeleza kwamba chai hiyo hukaushwa makusudi kwa moshi wa kuni za msonobari, na huo moshi ndio mteja aliousubiri mwaka mzima.

Mizani akafyonza, akafumba macho. Akasema: jua la siku mbili, shuka ya pamba, kabati la nguo, marashi ya waridi, chupa inakaribia kwisha. Mteja akacheka mpaka tai ikaingia kikombeni. Akasema atasubiri kopo jingine, mradi aonje huyu dada. Kiti kimekwenda. Nimeona aibu, sitaficha. Nyumbani nimekagua ile chupa ya marashi ya mke wangu. Imebaki matone matatu. Baba mkwe amepiga simu kunipongeza.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepewa kazi ya kuosha vyombo vya kuonjea. Sawa. Aliye juu mngoje chini. Leo Bi Mkubwa na Mizani wametoka kwenda kupokea mzigo, nami nimebaki na birika dogo la udongo ambalo Bi Mkubwa alipewa na mwalimu wake Uchina. Ndani jeusi tii! Ukoko wa chai wa miaka ishirini, na hakuna aliyejali. Wakati anatoka aliniambia nisilitie sabuni, nilisuuze kwa maji tu. Eti ukoko ule ni kila chai aliyowahi kuipenda. Masikini, anaona haya kunituma kazi ngumu. Nimetumia sabuni, mchanga na brashi ya chuma. Saa tatu nzima! Sasa ni jekundu, safi, kama limetoka dukani leo. Nimeliweka katikati ya meza, mbele ya kile kiti. Wanarudi saa kumi. Siondoki hapa mpaka niuone uso wa Bi Mkubwa.