Mkono Usifike Sikioni

Jumatatu, 24 Novemba
Evodia kapiga simu kutoka Mwanza. Amepata nyumba. Binti yake Hana akimaliza tu darasa la awali, anakuja kumchukua, mwakani aanze la kwanza hukohuko. Nikasema haya, mwanangu, vizuri sana. Vizuri sana! Mwongo mkubwa mimi. Tangu Evodia ahamishwe kazi, na tangu mama yake, mke wangu, afariki, humu ndani ni mimi, mjukuu wangu na jogoo.

Nimewaza hadi chai ikapoa. Mwalimu Gladness anawapima watoto wiki hii. Asiye tayari, anarudia awali. Mwaka mzima! Na kanisa ndiyo kwanza limewajengea jengo jipya: vigae, bembea, vyoo vya kimo chao. Kuliacha ni dhambi.

Jumanne, 25 Novemba
Mpango! Enzi zetu kule Kibakwe tulipimwa kwa sikio. Unapitisha mkono juu ya kichwa. Ukigusa sikio la upande wa pili, umekua, ingia darasani. Usipogusa, rudi ukachunge mbuzi. Basi nimemfundisha Hana kutofika. Anakunja kiwiko, anakodoa macho, vidole vinaishia utosini. Msanii! Shida akijisahau, vinafika. Vinafika na kupita. Mkono huu umerefuka lini?

Nikatoka nje kidogo kumwangalia jogoo.

Alhamisi, 27 Novemba
Siku ya kupimwa. Nikakalishwa kwenye kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni. Mwalimu Gladness akauliza rangi, akauliza namba, akaomba wimbo. Hana kajibu yote, hata ambayo hakuulizwa. Nikakohoa. Nikasema mwalimu, na sikio je? Akacheka, akasema baba, hayo yaliisha zamani, siku hizi tunaangalia cheti cha kuzaliwa.

Hana akaona kazi yake inapotea bure. Akaonyesha mwenyewe, vidole utosini. Kisha akamweleza mwalimu: "Unafika. Ila ukifika, babu analia."

Mwalimu akageukia ukuta, akawa anawatazama tembo waliochorwa pale. Mimi nikasimama niondoke. Kiti nacho kikasimama.

Jumamosi, 6 Desemba
Mahafali. Evodia alifika jana. Nimeikalia kofia ya Hana ibada nzima, makusudi kabisa. Bila kofia atahitimuje? Mlinzi Lameck akapita, akaniuliza mzee, unaatamia nini hapo? Kofia ikatoka chapati. Hana akaivaa hivyohivyo, akaimba kuwashinda wote.

Evodia akanishika mkono, akasema baba, twende wote Mwanza. Nikamjibu, na jogoo nimwachie nani? Nilitaka kusema mama yake, aliyelala peke yake kule makaburini. Ikatoka jogoo.

Jumatatu, 8 Desemba
Wameondoka na basi la alfajiri. Hana alipunga mkono mpaka basi likakata kona. Mimi niliendelea kupunga. Muuza karanga akadhani namwita.

Kabla ya kupanda, Evodia alininong'oneza kwamba ana mimba. Sikurudi nyumbani, nikapitiliza shuleni. Mwalimu Gladness alikuwa peke yake, anapanga viti. Nikamuuliza kama wanaandikisha mapema. Akasema wanaanza na miaka mitatu, huyu ana mingapi? Nikasema hajazaliwa. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akanisihi nikapumzike, baba.

Nimeshamchagulia kiti, kile cha dirishani. Na huyu simfundishi habari za masikio. Huyu namfundisha asijue rangi.