Sentimita za Mheshimiwa

Asubuhi hiyo makelele kijiweni yalianza hata birika ya pili ya kahawa haijachemka. Sindano, fundi cherehani ambaye kibanda chake kimepakana na benchi la Bi Birika muuza kahawa, alitoka na simu mkononi, miwani imepanda kwenye paji la uso, akawasomea wenzake habari: jana wabunge wametumia saa tatu nzima kujadili mavazi yao, na mbunge mmoja mwanamke amepimwa mlangoni na kutolewa nje kwa kuvaa suruali ya kubana.

Mlango alikuwa kwenye ncha ya benchi. Jina hilo alibandikwa hapohapo kijiweni, kwa kuwa ni askari wa mlangoni bungeni, na pia kwa kuwa kumfungua mdomo ni kazi. Leo alitamani angepitia njia nyingine. Akainamia kikombe chake kama mtu anayetafuta kitu ndani.

Sindano ndiye aliyeshika usukani. Alisema kama shida ni nguo, wangemwita yeye awashonee wote sare moja, suti safi kabisa, ila mifuko yote angeishona ikafungwa. Bi Birika, huku akipepea mkaa, alieleza jinsi alivyomwona mmoja kwenye televisheni, amelala mdomo wazi, tai imenyooka kifuani kama rula. Huyo hakutolewa, alisema, maana kanuni haisemi lolote juu ya kukoroma. Mwalimu Koma, mstaafu anayesahihisha hata matangazo ya mazishi, alidai suti iliwekwa kwa makusudi, ili anayeivaa aonekane anafikiri bila kulazimika kufikiri.

Wakacheka. Kisha Sindano akamgeukia Mlango.

"Kwa hiyo wewe ndiye mpimaji?"

Mlango akakubali kwa kichwa. Tangu wiki iliyopita walikuwa wamekabidhiwa futi ya kupimia pale mlangoni, pamoja na karatasi ya maelekezo: pindo la suruali ya mwanamke lisipungue upana wa sentimita ishirini. Sindano akashika kiuno. Miaka ishirini na miwili anashika futi, akalalamika, hakuna serikali iliyowahi kumpa kofia wala cheo. Mlango akatabasamu kidogo. Utani wa kazi yake alikwishauzoea, na alidhani leo nao ungepita hivyohivyo.

Lakini Mwalimu Koma hana tabia ya kuacha habari katikati. Aliichukua simu, akasoma kimya hadi mwisho, kisha akasoma tena mwisho huo kwa sauti. Mbunge aliyetolewa alikuwa wa jimbo lao. Jana ilikuwa zamu yake kuuliza swali kuhusu pampu ya maji ya mtaa huu huu, iliyokufa miezi saba sasa. Swali limefutwa kwa kuwa mwenye kuuliza hakuwemo ukumbini.

Bi Birika aliacha kupepea. Kila alfajiri yeye huteremka hadi bondeni na madumu mawili, na goti lake la kushoto limekwishamkataa.

"Mdogo wangu," alimwambia Mlango, taratibu, "ni wewe uliyemtoa?"

"Ni mimi, dada."

Sindano akasonya. Akasema haya basi, wenzao wana adui wa mbali, wao adui wanakunywa naye kahawa. Mlango akaweka kikombe chini. Masikio yalikuwa yanamwaka. Usiku kucha alikuwa amejiambia kwamba yeye ni mtu wa kutumwa, ana watoto watatu shuleni, na futi si yake. Sasa maneno yote hayo hayakutosha, yakabaki yale ambayo hata mkewe hakumwambia.

"Nilimpima mara mbili," alisema. "Ishirini na moja. Mara zote mbili."

"Sasa ulimtoaje?" Mwalimu akauliza.

"Nikaambiwa nipime mara ya tatu. Safari hii waziri mmoja akainama, akasema atanisaidia kushika upande wa pili. Alikibana kitambaa kwa vidole. Ikasoma kumi na nane."

"Waziri gani?"

Mlango akawatazama mmoja mmoja. "Wa maji."

Halafu Sindano, kwa sauti ya chini ambayo si yake, akauliza huyo waziri naye alikuwa amevaa nini.

"Suti," Mlango akajibu. "Imemkaa vizuri sana."

Akaendelea bila kuulizwa. Mheshimiwa mbunge yule alipokuwa anatoka hakumfokea. Alimwomba kitu kimoja, aandike alichokiona kwenye futi na atie saini, ili alipeleke lalamiko lake. Yeye akajifanya hakusikia, akafunga mlango.

Bi Birika akakichukua kikombe cha Mlango kilichokwisha kupoa, akamwaga, akamjazia kingine cha moto, akakiweka mbele yake.

Mlango akanywa funda moja. "Mwalimu, una kalamu?"

Mwalimu Koma alikuwa nayo, na daftari pia. Sindano akafuta benchi kwa kiganja. Mlango akaandika jina lake kamili, ambalo wengi pale hawakuwahi kulijua, halafu tarehe, halafu akaanza kuandika ile ishirini na moja yake kwa tarakimu. Mwalimu akamshika mkono.

"Kwa maneno," akasema. "Tarakimu wataibana nayo."