Moshi wa Hombolo Kiwanja cha Ndege

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika kiwanja cha ndege, mchana kweupe, mbele ya watu wenye suti.

Nawaandikia wote wa sokoni Majengo. Natuma kwa Julius kwa sababu ndiye peke yake mwenye barua pepe. Julius, wasomee wenzako, usiruke kitu. (Najua utaongeza. Usiongeze.)

Mnajua nimemzika mama, maana wengi wenu mlikuja kijijini kwetu Hombolo kunishika mkono. Na mnajua sijavuta sigara maishani mwangu. Hata ile ya kupokezana tukiwa vijana ilikuwa ikinipita tu. Hilo mlishike, kwa sababu leo hakuna aliyeniamini.

Ambacho hamjui ni habari ya dada yangu, Yunis. Amelazwa Dar na kesho asubuhi anapasuliwa tumbo. Habari ya mama ilimkuta kitandani, hakuweza kuja kuzika. Jana shemeji, mume wake, alipiga kwenye simu ya mchungaji, Yunis akamnyang'anya simu huko huko.

"Kaka, mimi sipasuliwi mpaka niishike khanga ya mama. Ile ya jikoni."

"Nitaileta."

"Na msiifue! Mkiifua msije nayo."

Madaktari walikuwa wamemwambia hakuna kusubiri. Shemeji akaona basi litachelewa, saa za kuona wagonjwa zitapita, akanikatia tiketi kwenye mojawapo ya hizi kampuni mpya za ndege za watu binafsi. Mimi ndege nimezoea kuitazama kutoka chini, nikiwa nimeshika kofia. Nikasema sawa.

Sasa hiyo khanga. Mama kapika miaka yote kwenye nyumba ya tembe isiyo na dirisha, na khanga ile ilikuwa ikining'inia juu ya mafiga. Ukiikunjua unakutana kwanza na moshi, halafu samli, halafu mama mwenyewe. Niliikunja, nikaitia kwenye mfuko wa rambo, nikapiga fundo.

Na mimi sikuwa mbali na khanga. Wanaume tulilala nje kuzunguka moto wa matanga, na mfiwa mkubwa haondoki pale. Kuni zilikuwa za mgunga, nusu mbichi. Hombolo kila mtu alikuwa ananuka vile vile, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ananuka. Nikaondoka asubuhi na koti lile lile la msibani, kwa sababu sina lingine. (Nilinawa uso. Nasema ukweli, uso tu. Maji yalikuwa ya wapishi.)

Wakati naaga, baba mdogo akanitilia tumbaku mfukoni, imesokotwa vizuri. "Mpelekee baba mkwe wa Yunis. Mtu haendi ukweni mikono mitupu." Nikashukuru.

Nikafika kiwanjani. Ukutani kuna bango kubwa: ni marufuku kuvuta sigara ndani ya jengo hili. Nikalisoma lote, nikaridhika kwamba halinihusu.

Pale mlangoni alikuwa dada mmoja wa ukaguzi, kijana, sare imepigwa pasi hadi inakata.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Una kitu chochote cha kuwaka? Petroli, mafuta ya taa, kiberiti?"

Petroli sina. Mafuta ya taa sina. Kiberiti ninacho. (Kilikuwa mfuko wa ndani kabisa, nani angejua? Lakini aliniuliza.)

"Kumbe unavuta."

"Sivuti."

"Kiberiti cha nini sasa?"

"Cha moto wa matanga."

Akakichukua. "Kingine?"

"Tumbaku."

"Baba, si umesema huvuti?"

"Ni ya mzee."

"Mzee yupi?"

"Baba mkwe wa dada yangu."

"Yuko wapi?"

"Dar."

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa na mbuzi wa jirani, anayedai mbuzi alimfuata mwenyewe.

"Sikiliza baba. Humu ndani hakuna kuvuta. Chooni hakuna kuvuta. Kwenye ndege ndiyo usithubutu kabisa. Wanaovuta wana benchi lao kule nje, chini ya mwarobaini. Umesikia?"

"Nimesikia, lakini mimi sivuti."

"Ndiyo baba. Umesikia lakini?"

"Nimesikia."

Nikakaa kwenye benchi. Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja mwenye pochi nyekundu. Akavuta hewa kidogo, akainua pochi yake, akahamia benchi la pili. Mwanafunzi mmoja naye akahama. Baada ya muda nikawa na benchi zima peke yangu. Nikajua ni heshima wanayompa mfiwa. (Ndiyo, nilifikiri hivyo. Nikawashukuru moyoni.)

Ndege ya kwanza maishani, sikujua kama humo kuna choo. Nikaenda chooni. Mlangoni nikapishana na bwana mmoja wa suti ya kijivu, anatafuna pipi kwa haraka. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama.

Ndani ya choo, jamani! Moshi ulikuwa mzito hata ndoo siioni. Nikafanya lililonipeleka, nikikohoa, nikafungua mlango.

Moshi ukatoka pamoja nami.

Ukumbi wote ukageuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, macho mekundu, moshi unapita juu ya mabega yangu kama vile natoka kuchoma mkaa. Yule dada wa ukaguzi akaja mbio, nyuma yake mkubwa wake, afande mnene mwenye kirungu.

"Huyu huyu, afande! Nimemkuta na kiberiti na tumbaku. Na nimemwonya kwa mdomo wangu!"

Afande akasogeza pua kwenye koti langu, akairudisha upesi.

"Mzee, umevuta?"

"Sijavuta."

"Unanuka moshi."

"Ndiyo, nanuka."

"Umetoka wapi huo moshi?"

"Wa chooni sijui. Wa kwangu umetoka Hombolo."

Watu wakaanza kucheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

"Kuna mtu mwingine aliyekuwa humo?"

"Nilipishana na mtu mlangoni."

"Alikuwa anavuta?"

"Alikuwa anatafuna. Kuvuta sikumwona, siwezi kusema."

Afande akapumua kwa nguvu. Akaniongoza hadi katikati ya ukumbi, akataka niweke kila kitu kwenye benchi. Nikaweka shati la kubadili, kitana, na karanga za njiani. Ikabaki rambo.

"Fungua hiyo."

"Hiyo ni ya marehemu."

Akadhani namletea ujanja. Akafungua fundo mwenyewe. Jiko la mama likatoka humo, likaenea ukumbi mzima. Mama wa pochi nyekundu akafunika pua kwa mtandio.

"Eh! Mzee, hii umeifukizia nini?" afande akauliza.

Nikanyoosha mkono niirudishe kwenye rambo, akanizuia.

"Hii haipandi ndege ikiwa hivi, abiria watanilalamikia mimi. Bomba liko pale nje. Kaifue, au iache hapa."

Yule dada, ambaye nadhani ana roho nzuri, akaniletea kipande cha sabuni. Nje ndege ilikuwa imeshatua, wanapakia mizigo. Nikasimama, mkono mmoja sabuni, mkono mmoja khanga.

"Nikiifua, dada yangu hapasuliwi," nikasema.

Nilijisikia mwenyewe kwamba haieleweki. Nikajaribu tena. "Dada yangu anataka imnukie... imnukie ma..."



Ninyi mliniona kaburini. Nilishika jembe, nikafukia, sikulia. Mchungaji akanisifu. Basi kumbe vilio vyote vilikuwa vinanisubiri kiwanja cha ndege. Nililia kama ndama. Nililia mdomo wazi, makamasi yananitoka, sabuni mkononi, mbele ya watu waliokuwa wanasoma magazeti. Mtu mzima!

Mama wa pochi nyekundu akaja. "Nani kafa, baba?"

"Mama."

"Ameshazikwa?"

"Ameshazikwa. Hii ni khanga yake. Binti yake amelazwa, anaitaka hivi hivi."

Yule mama akamgeukia afande. "Na wewe unamfulisha mtu nguo ya mama yake! Wewe umezaliwa na nani?" Kisha akavua viatu, akaketi chini sakafuni miguu ameinyoosha, kama tunavyokaa msibani. Mama mwingine akaja, naye akaketi. Nikaona niketi na mimi.

Ikawa msiba. Watu wakapanga mstari kunipa mkono. Yule mwanafunzi aliyenihama akaja, mhudumu wa chai akaja, dada wa ukaguzi akaja macho yamelowa. Afande akavua kofia.

"Mzee wangu, ungesema."

"Nilisema ni ya marehemu."

"Ni kweli. Ulisema." Akaikunja khanga kwa mikono yake, akairudisha kwenye rambo, akapiga fundo. "Utapanda nayo. Atakayelalamika aje kwangu."

Hapo ningenyamaza, ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini mwisho wa mstari alikuwa yule bwana wa suti ya kijivu. Akainama, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Pole sana mzee wangu. Mungu akutie nguvu."

Alipoinama, nikamnusa. Moshi!

Jamani, mnielewe. Nilikuwa nimekaa na watu wa sabuni na manukato tangu asubuhi, wote wamenihama. Huyu ndiye wa kwanza anayenuka kama watu wa nyumbani. Na kwetu, mwanaume akiwa na suti nzuri na ananuka moshi, ametoka wapi kama si matangani? Moyo ukanijaa. Nikamwonea huruma yeye kuliko nilivyojionea mimi, na mkono wake nisiuachie.

"Na wewe pole sana, ndugu yangu," nikasema, kwa ile sauti ya mtu aliyetoka kulia, ambayo haijui kujishusha. "Umefiwa na nani?"

"Mimi? Sijafiwa."

"Usifiche. Mimi ni mfiwa mwenzako."

"Mzee, sijafiwa, nakwambia."

"Moshi huo naujua. Bado mbichi kabisa! Ni leo leo?"

Afande akavaa kofia yake taratibu. Dada wa ukaguzi akasogea, akanyoosha shingo, akanusa bega la suti mara moja tu.

"Mheshimiwa, naomba uje huku kidogo."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama wa pochi nyekundu, pale pale sakafuni, akajipiga mapaja. Wakafuata wengine, wanaume kwa wanawake, wanafuta machozi yale yale waliyonililia mimi. Na mimi bado nimeng'ang'ania mkono wa yule bwana, namvuta, nambembeleza afande:

"Mwacheni jamani, ana msiba huyu!"

Nilikuwa wa mwisho kuelewa katika ukumbi mzima. Hata mhudumu wa chai alielewa kabla yangu. Nilipoelewa, nikauachia ule mkono kama nimeshika mafiga.

Hawakumfanya kitu kikubwa. Alipelekwa chini ya mwarobaini akasomewa sheria yote ya sigara, bango zima, kwa sauti, huku sisi tunaangalia dirishani. Akarudi akaniomba radhi kwa kunyamaza wakati nasingiziwa moshi wake. Nami nikamwomba radhi kwa kumfiwisha.

Kisha tukaingia ndege. Ni ndogo, unakaa magoti kwenye mgongo wa mwenzio. Rubani akatuangalia, akanusa, akanyoosha kidole nyuma kabisa. Tukakaa huko wawili, mimi na yeye, bega kwa bega hadi Dar. Katikati ya mawingu akatoa pipi mbili, moja akanipa. Nikaipokea.

Sasa niko Dar, kwenye duka la kompyuta ng'ambo ya hospitali. Nimetoka kwa Yunis. Nilimpa rambo, akafungua mwenyewe, akajifunika khanga uso wote. Alikaa humo muda mrefu. Shemeji akaangalia ukuta. Mimi nikaangalia chini.

Alipotoa uso akasema, "Ndiye." Halafu akaninusa mimi. "Kaka, na wewe mbona hivyo?"

Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Nilipofika kwenye "ni leo leo?" alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Acha kaka, nitapasuka kabla sijapasuliwa!" Muuguzi akaja kutukemea. Yunis akamwambia, "Dada, mwambie daktari kesho niko tayari." Akalala khanga ikiwa chini ya shavu.

Kwa hiyo chekeni kwa zamu, na mkimaliza mumwombee dada yangu. Mimi shemeji ameshanionyesha bafu lilipo, mara mbili, na sikuwa nimeuliza.

Na kuanzia leo, kabla sijampa mtu pole, nitamuuliza kwanza kama anavuta.