Shimo Langu la Nguzo Lilipoanza Kupumua

Jamani, leo nimeaibika hadi mifupani. Nimeshaoga mara mbili na aibu haitoki.

Niko upande wa Kamanga, tunachimba shamba la watu wa kale kando ya ziwa. Matuta yao, vigae vya vyungu vyao, mawe yao ya kusagia. Juzi nilikuta duara la udongo mweusi katikati ya udongo mwekundu, alama ambayo nguzo ya mti huiacha ikiozea ardhini. Nikatangaza: hapa palisimama nguzo ya ghala la mtama!

Mkuu wetu, Dada Neema, akauliza, "Una hakika si shimo la mnyama?"

Nikacheka. (Mimi, ninayedai ushahidi hata wa tarehe yangu ya kuzaliwa!) Jumatatu tunafungua handaki la pili na Dada Neema anatafuta wa kulisimamia. Nguzo ikithibitika, handaki ni langu.

Asubuhi akaja Bibi Kabula, mwenye shamba. Ana desturi yake: kabla hatujagusa udongo, anazunguka handaki akinyunyiza maji ya unga wa mtama, anagonga ardhi kwa fimbo na kuwapigia hodi waliolima pale kabla yake. Alipofika pembe yangu nikamzuia.

"Shikamoo, Bibi. Hapa paache, utaniharibia nguzo. Halafu hao unaowapigia hodi, nani amewahi kuwasikia wakiitika?"

"Marahaba. Wewe umewahi kunyamaza ukasikiliza?"

Watu wakaangua kicheko. Iliniuma.

Saa nne wenzangu wakaenda kunywa uji. Nikabaki peke yangu handakini, nimelala kifudifudi, nachota udongo wa duara langu kwa kijiko. (Ndiyo, kijiko. Ndiyo kazi niliyosomea.) Udongo ulikuwa laini. Laini kupita kiasi. Ghafla ukatoboka, mkono ukazama hadi kwenye kiwiko.

Halafu nikasikia pumzi.

Nikajiambia ni upepo. Hakukuwa na upepo. Nikajiambia ni hewa inatoka ardhini. Lakini hii ilitoka, ikaingia, ikatoka tena! Kisha kitu cha baridi kikapita juu ya vidole vyangu, polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

Nikavuta mkono. Saa yangu ikanasa kwenye mzizi.

Hapo shahada yangu ikaniaga.

"Shikamooni!" nikaliambia shimo. "Shikamooni, wazee! Mimi ni mtoto wa Mzee Masanja wa Mabatini, sikuja kwa ubaya! Ghala ni lenu, chukueni! Handaki la pili silitaki, mpeni mwingine!"

Pumzi ikazidi ukali.

"Kama ni maneno ya asubuhi, nilikuwa natania! Nawaamini! Nawaamini sana!"

Mkanda wa saa ukakatika. Nikarudi nyuma kwa makalio, na ndani ya nguzo yangu ya kale kikatoka kichwa, kikafuata kiwiliwili, ukafuata mkia usioisha. Kenge! Nilipiga yowe ambalo nadhani ng'ambo, Mwanza mjini, wamelisikia. Kenge akanitazama kwa dharau, akapanda ukuta wa handaki, akaenda zake ziwani.

Nikainua macho. Wamesimama wote pale juu, vikombe vya uji mkononi.

"Mmefika saa ngapi?"

"Kwenye shikamooni ya kwanza," akasema Dada Neema, akijifuta machozi.

Bibi Kabula peke yake hakucheka. Alinishika mkono, akaugeuzageuza kutafuta jeraha. "Hajakuuma. Pole, mwanangu. Ile fimbo si ya wafu tu. Kila mwenye shimo akisikia vishindo, hutoka mapema."

Dada Neema akanipa fomu niliyojaza juzi kuhusu lile duara. Kwetu kumbukumbu haifutwi: unakata mstari, unaandika kilicho sahihi, unatia saini. Nikakata "nguzo ya ghala". Nikaandika: "Shimo la kenge. Linakaliwa."

"Dada, na handaki la pili?"

"Si umelikataa mwenyewe? Tena mbele ya wazee."

Basi Jumatatu niko kwenye chekeche, nachekecha udongo wanaochimba wenzangu. Mkitaka kucheka chekeni, ila msivute pumzi kwa nguvu karibu nami. Bado nashtuka.