Chupa A, Chupa B na Macho Yangu

Jumatatu, 6 Mei
Nimeamka macho yote mawili yamegandana. Tongotongo tele! Mama kanipeleka zahanati, tabibu kasema ni bakteria, kanipa matone ya antibiotiki. Mimi moyoni nachekelea. Ijumaa darasa linachagua mradi mmoja wa maonyesho ya sayansi. Profesa, jirani yangu wa dawati, ana maharage yanayoota kwenye pamba na anajiona keshashinda. Tatizo: mradi lazima uelezwe mbele ya watu. Mimi nikisimama mbele, hata jina langu hunitoka, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Lakini mradi ukiwa uso wangu? Nasimama tu. Watazame!

Jumanne, 7 Mei
Chupa ya pili nimeiopoa kwenye droo ya Dada. Alipewa mwaka jana baada ya kupasuliwa kope: antibiotiki iliyochanganywa na steroidi. Moja jicho la kulia, nyingine la kushoto. Ipi kali? Ili nisipendelee, nimebandua lebo, nikaandika A na B. Ipi ni ipi nimeandika kwenye kikaratasi, herufi ndogo kama mayai ya chawa, Dada asidukue. Akili hizi!

Jumatano, 8 Mei
Jicho la B jeupe pe! La A bado nyanya. Dada kauliza mbona nusu ya uso wangu imetoka msibani. Nikamwambia ni sayansi, hataelewa. Kasema haya, Bwana Nusu.

Alhamisi, 9 Mei
La A limepoa. La B limevimba, linauma, mwanga unachoma kama sindano. Mama yangu! B ni ipi? Nimesahau! Kikaratasi siwezi kukisoma, machozi tu. Dada kajaribu, kasema hata sisimizi hawaandiki hivyo. Kamleta Shangazi, mfamasia, kutoka duka lake la dawa. Naye kashindwa. Ikabidi Profesa aitwe na lenzi yake ya kukagulia mizizi ya maharage. Profesa! Kasoma kwa sauti, taratibu, kama taarifa ya habari: B ndiyo yenye steroidi.

Shangazi kafoka. Eti steroidi hutuliza wekundu na kuufanya mwili ulegeze ulinzi, kwa hiyo jicho linapendeza huku vijidudu vinakula karamu. Ndiyo maana daktari hupima kwanza. Na chupa ya mwaka jana, iliyokwisha funguliwa! Kaniuliza nilitaka jicho au fimbo ya kutembelea. Tukaenda kwa daktari wa macho mbio mbio.

Ijumaa, 10 Mei
Daktari kasema litapona, ningechelewa siku mbili angesema mengine. Profesa kashinda. Kawaonyesha maharage, kisha nguvu za lenzi yake: kikaratasi changu, na mimi. Nilisimama mlangoni, mita tatu kutoka kwa watu nisiwaambukize, miwani myeusi usoni. Akaninyooshea rula. Wamepiga makofi! Sikusema neno hata moja.

Jumamosi, 11 Mei
Sikio la kulia linawasha. Ninayo mawili. Safari hii nitaandika herufi kubwa.